Leo Mwalimu Kageuka Pweza

Julai 2022 nililipa shilingi 43,000 kwa kosa la tarakimu mbili kupishana. Mahali pa kilo 23,400 niliandika 24,300. Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, ile tunayoiita kliaringi, na katika kazi hii uzito ulioandika kwenye entri, yaani fomu ya forodha, ukikosana na ule wa manifesti, orodha ya mizigo ya meli, mzigo hausogei. Unaomba marekebisho, marekebisho yanangoja mtu wa kuyapitisha, mtu mwenyewe yuko mkutanoni, na huku kontena limekaa yadi linakula pesa. Siku za bure zikaisha. Bandari ikaanza kutoza yake, kampuni ya meli nayo ikaleta demareji yake, ada ya kuchelewesha kontena, kwa dola. Mteja akakataa kulipa, na haki ilikuwa yake. Ofisi ikanikata mshahara miezi minne.

Nilipoulizwa ilikuwaje, nilisema ni uchovu. Uongo. Nilikuwa naandika kwa mkono mmoja, na sikioni nasikiliza sauti za grupu la familia, watu wanabishana kama sare za harusi ya binamu yangu ziwe rangi ya samli au rangi ya maziwa. Sauti ya dakika sita. Nikaisikiliza yote, nikajibu "samli", nikatuma entri. Rangi ya samli ilinila 43,000, na mwishowe walichagua maziwa.

Kila nikilisimulia hili, watu hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kisha mmoja huuliza kwa sauti ya chini, "Ukafanyaje sasa?" Jibu ni refu, na nusu yake ni makosa mengine.

Kwa muda mrefu niliilaumu kazi, na kazi ina lake. Reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilipoanza kubeba mizigo Januari 2018 na makontena mengi yakawa yanakwenda kutolewa Nairobi, ofisi yetu ya watu 9 ilibaki na 4. Sisi tuliobaki tulifanya kazi ya walioondoka, na tukajifunza wenyewe, bila kuambiwa, kwamba anayechelewa kujibu ujumbe ndiye atakayefuata mlangoni. Nililala na simu chini ya mto. Nilioga ikiwa juu ya kifuniko cha ndoo. Nilipika ikiwa imeegemea kikopo cha chumvi.

Lakini kazi haikuwa peke yake. Babangu alifariki Lamu mwezi Juni 2020. Tangu Aprili 8 Mombasa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, hatoki mtu wala haingii, na kwetu maiti hailazwi ikingoja kibali cha safari. Alikufa alfajiri, akazikwa alasiri. Mimi nilikuwa kitandani kwangu Likoni, nikiyatazama matanga kwenye simu aliyoishika mtoto wa shangazi. Picha ilikatika, ikarudi, ikakatika. Niliona miguu ya watu. Niliona sinia linapita. Niliona mkeka wa babangu umekunjwa, umeegemezwa ukutani, halafu bando likaisha. Nilipolinunua jingine na kurudi, dua ilikuwa imekwisha na watu wanavaa viatu.

Toka siku hiyo nikawa kama mtu aliyetoka chumbani mara moja tu akakosa jambo kubwa, sasa hathubutu kutoka tena. Haya nayaona leo. Mwaka 2022 nilichojua ni kwamba mshahara umekatwa.

Kilichonizindua si mshahara. Ni daftari.

Jumamosi moja ya Septemba nilikuwa natafuta kalamu, nikachukua daftari la hesabu la binti yangu, wakati huo ana miaka 11, likafunguka kwa nyuma. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umepigwa mistari kwa rula, safu mbili. Kushoto ameandika KAAMBIWA. Kulia, KAJIBU.

Leo mwalimu kageuka pweza. Mashallah.
Nimemeza ufunguo wa nyumba. Eeh, haya.
Baba kanunua tembo kwa mkopo wa Fuliza. Kweli?
Kuna mamba chooni. Mwambie dadako.

Ukurasa mzima hivyo, na tarehe pembeni. Chini jumla imepigiwa mstari mara mbili, kama wanavyofundishwa: Eeh 31, Mashallah 12, Kweli 7, Hakusikia kabisa 16. Kumbe yeye na nduguye wa miaka 8 walikuwa na mchezo. Kila mmoja anamwendea Mama na uongo mtupu, na Mama akijibu bila kuinua macho, msemaji anashinda mabuyu ya shilingi 5 kutoka kwa mwenziwe. Tarehe ya kwanza ilikuwa ya Mei. Miezi minne walicheza, na mimi ndiye niliyekuwa ubao wa kuchezea.

Kunicheka si neno. Watoto na wacheke. Kilichonichoma ni kwamba hawakuwa na uchungu wowote. Walishazoea. Mama kwao alikuwa kama maji ya mfereji mtaani kwetu: yana siku zake, na siku zisizo zake mtu hujipanga bila maji na maisha yanaendelea. Nilisimama pale na daftari mkononi nikijaribu kukumbuka hiyo siku ya mwalimu na pweza. Sikukumbuka hata kidogo. Neno lilitoka kinywani mwangu, "mashallah" nzima nzima, na mimi sikuwepo.

Nikalirudisha daftari mahali pake na sikuwaambia kitu. Hilo nalo lilikuwa kosa, nitalifikia.

Nikaingia intaneti, kwa simu ile ile bila shaka, kutafuta namna ya kuishi kwa utulivu. Nikaambiwa niamke saa kumi alfajiri kabla ya watu wote, niandike mambo matatu ninayoyashukuru, nivute pumzi kwa hesabu, niwashe mshumaa. Naishi Shika Adabu. (Ndiyo, mtaa huo upo, na utani wote mnaotaka kunitania nimeshausikia.) Kwetu mshumaa huwashwa stima ikipotea. Mume wangu alipoamka akaukuta unawaka, na taa nayo inawaka, na mimi nimefumba macho sakafuni, aliniita jina langu kamili, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa na mwingine.

Nilinunua daftari la shilingi 1,200 lenye jalada la ngozi bandia. Nililipia programu ya shilingi 650 kwa mwezi inayopiga kengele kila saa ili kukukumbusha kwamba upo hapa. Yaani nilitia kitu kingine ndani ya simu, kiniite kwenye simu, ili kinitoe kwenye simu. Miezi mitatu nililipa kabla ya kuuona uchekeshaji wake.

Novemba nikageukia ukali. Simu ikawa inazimwa kabisa, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Siku ya tatu mwanangu alishikwa na homa shuleni. Walinipigia mara 11. Mume wangu alikuwa Mariakani kikazi, na jirani ndiye aliyekwenda kumchukua akampeleka zahanati. Nilipoiwasha saa saba, ujumbe ulimiminika hadi simu ikaganda. Ilikuwa malaria, na alhamdulillahi alianza dawa siku hiyo hiyo. Mamangu alikuwa amekuja kutoka Kuze, Mji wa Kale, kututembelea wiki ile. Hakunikaripia. Alingoja mtoto alale, akasema, "Mwanangu, mwanzo ulikuwa hupatikani ukiwa na simu, sasa hupatikani bila simu. Afadhali ule mwanzo, angalau uso twauona."

Basi hili lichukueni bure: msizime simu kabisa kama mna mtoto, mzazi au mgonjwa. Yangu sasa ina nambari tano ambazo hulia hata ikiwa kimya: shule, mume, mamangu, jirani na bosi. Simu nyingi zina mpangilio huo. Mimi nilimwomba kijana mmoja muuza vifuniko vya simu mjini aniwekee, akanitoza shilingi 50, pesa niliyotumia vizuri kuliko zote. Grupu zote hazina sauti, hata la msikiti. Na kabla ya kuzinyamazisha niliandika katika kila moja kwamba nikichelewa kujibu si dharau, jambo la haraka nipigiwe. Kuna shangazi alinuna wiki mbili. Akapoa. Kazini nilimwendea bosi ana kwa ana, nikamwambia nitakuwa najibu ujumbe kila nusu saa, si kila dakika, na nikamtajia zile 43,000. Alifikiri kidogo akasema sawa. Nilikuwa nimeogopa mazungumzo hayo miaka minne, na yalichukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Usiku ule wa homa mamangu aliniuliza hasa natafuta nini na hiyo mishumaa. Nikasema utulivu. "Utulivu wa nini?" Nikababaika.

Akanirudisha chuoni, yaani madrasa, kwa mambo niliyofundishwa nina miaka saba. Saumu ya Ramadhani, nia waitia usiku, kabla ya alfajiri. Huwezi kushinda na njaa, magharibi ikaadhiniwa, ndipo ukasema kumbe nilikuwa nimefunga. Na waitaja ni saumu gani. Swala vilevile: wanuia adhuhuri, hunuii swala zote za umri wako. "Wewe," akasema, "wataka nia moja ya maisha mazima. Haishiki. Nuia kitu kimoja kidogo. Kikiisha, nuia kingine."

Nikamuuliza na khushuu je, ule moyo kuhudhuria. Nikidhani mtu wa umri wake ameshafika. Akacheka. "Hadi leo, rakaa ya pili mimi niko sokoni Marikiti nachagua nazi. Nikijigundua, narudi. Rakaa ya tatu niko kwa fundi wa paa."

Nikachagua feri.

Niliichagua kwa sababu ina mwanzo na mwisho ambao si mimi ninayeupanga. Navuka kwa miguu kwenda na kurudi kazini, asubuhi na jioni, bila nauli, kama watembea kwa miguu wote wa Likoni. Mlango bahari wenyewe ni kama nusu kilomita tu; ukihesabu kupanda na kushuka ni kama robo saa. Kabla ya lango kufunguliwa simu inaingia mkobani, chini kabisa, leso juu yake. Mfukoni haifai, mkono unajua njia. Halafu nanuia, kimoyomoyo lakini kwa maneno: navuka, na nataka kuona kuvuka huku. Nikikanyaga ng'ambo ya pili, nimemaliza, simu itoke kama inataka.

Nilianza Januari 2023. Wiki ya kwanza vidole viliwasha. Wiki ya pili nilichoka vibaya sana, na hili wale wa mishumaa hawakunitajia: kuwepo mahali kunachosha. Feri saa moja asubuhi ni mamia ya watu wamebanana, jasho, kunguru, baiskeli inakugonga kifundo cha mguu, mtu anauza karanga usoni mwako. Nilihesabu madumu ya maji kwenye mikokoteni kwa kukosa la kufanya.

Kisha mambo yakaanza kujitokeza. La kwanza lilikuwa mteremko. Maji yakiwa yamekupwa, njia ya kushukia gatini inakuwa mteremko mkali. Magari marefu yanakwaruza matumbo, na wenye mikokoteni wanageuka, wanashuka kinyumenyume, mgongo kwenye feri na kifua kwenye mzigo, nyayo zinatafuta mahali pa kushika kwenye zege lenye utelezi. Maji yakijaa, njia ile ile inakaribia kulala. Nilikuwa nimevuka pale miaka 14 bila kujua hata siku moja kama maji yanakuja au yanaondoka. Sasa najua. Najua kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Najua siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndipo mteremko unapokuwa mbaya, na maji yakiwa yanakupwa asubuhi natoka nyumbani robo saa mapema, maana mkokoteni mmoja ukikwama sote tumekwama. Mwenzangu ofisini hudhani nina mtu wa kunipasha habari kwenye kivuko. Namwachia adhani hivyo.

La pili lilikuwa shangazi yangu. Siku nyingine huvuka naye, na siku zote husimama karibu na ukingo, hata kukiwa na nafasi ya kukaa. Nilidhani ni mazoea tu ya mtu mzima. Asubuhi moja, sina simu ya kunificha, nikamuuliza. Akasema Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipozama ikafa nayo roho 272, yeye alikuwa gatini Mtongwe akingoja kuvuka na inayofuata. Alilitamka polepole huku akitazama maji. Kisha akaniuliza bei ya nyanya. Miaka 14 nimesimama kando ya mwanamke huyu.

La tatu sikulitaka. Wiki ya nne, jioni, mbele yangu alisimama mzee amevaa kofia ya Lamu iliyoshonwa kwa mkono, ameilaza kidogo upande wa kushoto. Babangu aliivaa hivyo hivyo. Mamangu aliinyoosha kila Ijumaa na kila Ijumaa aliirudisha. Nikalia. Si machozi ya kufuta kwa kidole, nililia hadi mabega. Kando yangu kulikuwa na mama mwenye kapu la maembe.

"Umefiwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Babangu."

"Lini?"

"Mwaka 2020."

Akanitazama. "Basi umechelewa," akasema, akanipa ncha ya leso yake.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nafanya miaka miwili na nusu. Nilikuwa nalindwa na kelele. Na nawaambia wazi wanaotaka kujaribu haya: ukiziondoa kelele, utulivu hauji kwanza. Kinakuja kwanza kile ulichokuwa umekifunikia. Kwangu ilikuwa msiba, na msiba hulika taratibu. Rafiki yangu mmoja alipojaribu, kilichomjia kilikuwa kizito kuliko yeye, hakulala wiki nzima, na alifanya la busara akaenda hospitali akaonana na mshauri. Si aibu, na si kushindwa.

Februari nilikwenda Lamu siku nne. Niliukunjua ule mkeka, nikaulalia. Basi.

Ofisini mambo hayakuwa na hadithi. Ninapoandika entri, kidole cha kushoto kinakaa juu ya tarakimu kwenye karatasi, na naisoma kwa sauti kabla ya kuiandika na baada ya kuiandika. Wenzangu waliuita mtindo huu "chuo cha makontena" hadi mmoja wao alipokosea thamani ya mzigo, sasa naye anasoma kwa sauti. Tangu hapo nimekosea mara mbili na zote nimezikamata kabla ya kutuma. Huo ndio ushahidi wangu wote.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu sikuwa nimesema kitu. Mimi najiona nimebadilika, na huko nyuma ya daftari safu zinaendelea. Nililichungulia tena mwezi wa pili: Eeh 9, Mashallah 3. Afadhali, nikajiambia, lakini bado nilikuwa napimwa mtihani nisiojulishwa, na wao hawajui kwamba nawajua. Kama ningesema Septemba, tungekuwa tumefika mbali zaidi. Mtu akijirekebisha kwa siri, wa nyumbani mwake wanaendelea kuishi na yule wa zamani.

Nikasema Jumapili moja ya Machi, kabla ya Ramadhani, tukipika mahamri. Nawashauri mahamri. Mikono ikiwa na unga na tui haigusi simu, na kazi yenyewe haimvumilii mtu asiyekuwepo. Unaukanda unga na iliki hadi uache kushika vidole, unaufunika uumuke, unausukuma, unakata pembe. Hamri likiingia kwenye karai linazama, linafikiri, linapanda juu. Hapo hapo unalichotea mafuta ya moto kwa upawa, unalimwagia mgongoni, nalo linavimba kama shavu la mtoto aliyekasirika. Ukikawia kidogo, limeshakuwa kibao. Mwanangu alikuwa na zamu ya kusema "sasa!" na binti zamu ya kumwagia. Katikati ya karai la tatu nikasema, bila kuacha kukata, "Nililiona daftari. La mwalimu na pweza."

Upawa ukasimama hewani. Hamri likawa kibao.

Mdogo ndiye aliyepata sauti. "Kwa hivyo mchezo umekwisha?"

Alikuwa amehuzunika, na huzuni yake ilikuwa ya mabuyu. Nikaomba msamaha, kwa maneno mafupi, kwa sababu mafuta yalikuwa yanaungua. Kisha tukaandika sheria mpya. Nikijibu uongo bila kutazama, natozwa shilingi 10, zinaingia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Nikiukamata uongo, aliyesema anaosha vyombo vya usiku. Binti yangu, ambaye naona atakuwa wakili, akaongeza ya tatu: nikimsingizia mtu uongo na kumbe ni kweli, vyombo naosha mimi.

Kuna yaliyonishinda. Mwisho wa mwezi, mizigo inapokuwa mingi, narudi kuwa yule wa samli, na siku hizo nawaambia mapema, "Leo Mama hayupo, jaribuni kesho." Wanaelewa, na kwenye daftari siku hizo hawaandiki. Usiku bado napoteza saa nzima kitandani nikitazama watu nisiowajua wakipaka nyumba zao rangi. Mume wangu bado anakula na simu. Nilimhubiria wiki moja, akaniuliza kama ile programu ya kengele bado nailipia.

Mwezi huu nimeshatozwa shilingi 70, na leo ni tarehe 19.

Juzi jioni nilikuwa nakata vitunguu, mdogo akaingia, sasa ana miaka 10, akaegemea mlango. "Mama, leo kunguru kaingia darasani kaiba hamri la mwalimu."

Nikaweka kisu chini, nikageuka, nikamtazama vizuri, usoni, hadi machoni. "Vyombo vyakungoja," nikamwambia.

Akaapa. Dadake, aliye shule hiyo hiyo, akasema darasa zima lilipiga kelele hadi kwao zikasikika.

"Lilikuwa tupu," nikauliza, "au lilikuwa na mbaazi?"

"Mbaazi kaziacha mezani."

Vyombo nikaosha mimi.